Mazingira ya Mombasa na Sheria: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Jaa likifurika mtaani Mombasa, lawama ya kwanza huelekezwa kwa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Hapo watu hukosea mlango. NEMA, iliyoundwa kwa sheria ya mazingira ya mwaka 1999, hutoa leseni, hukagua na hushtaki. Lakini kuzoa na kutupa taka ni jukumu ambalo Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi serikali ya kaunti, pamoja na kudhibiti uchafuzi wa hewa na kelele. Mkazi wa Kongowea au Likoni anayetaka taka ziondolewe aibane kaunti, hasa bajeti inapojadiliwa hadharani, kwa kuwa sera isiyotengewa fedha haiwezi kununua hata lori moja.

Wengine husadiki kwamba marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017, inawahusu wenye maduka peke yao. Sivyo: ilitaja pia matumizi ya nyumbani.

Mikoko ya Tudor na Port Reitz nayo hudhaniwa kuwa haina mwenyewe. Ilitangazwa hifadhi ya serikali tangu 1932, na anayeikata bila kibali huvunja sheria hata ikiwa imeota mbele ya mlango wake.

Dhana inayoniuma zaidi ni ile inayowafunga watu midomo: kwamba huwezi kwenda mahakamani mpaka uthibitishe kuwa umedhurika. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 70 kinasema waziwazi kwamba mlalamishi hahitaji kuonyesha kuwa yeyote amepata hasara au ameumia. Yaani unaweza kuizuia sumu kabla haijafika kisimani. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, hapa Mombasa, hawakuiwahi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba zao hadi kilipofungwa mwaka 2014, na kufikia hapo madini ya risasi yalikuwa yameshaingia katika damu ya watoto. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Miongoni mwa waliobebeshwa malipo hayo ni taasisi za serikali zenyewe, zilizopaswa kukisimamia kiwanda hicho.