Sensa hazizibi mashimo

Kwenye foleni ya kamyo za shaba, barabara ya Lubumbashi–Kasumbalesa, utasikia mtu akisema: "Wakituwekea barabara zenye akili kama za Ulaya, mashimo yatakwisha." Wapi! Sensa, yaani kifaa cha kuhisi kinachofukiwa kwenye barabara hizo, haiongezei lami nguvu hata kidogo. Kazi yake ni kupima na kutoa taarifa.

Sensa moja ni koili ya waya, hufukiwa kwenye mfereji mwembamba uliochongwa ndani ya lami; gari likipita, chuma chake huvuruga uga wa sumaku na mtambo huhesabu. Sensa nyingine, ukanda wa piezo, hutoa umeme kidogo ukikandamizwa, na umeme huo hutumika kukadiria uzito wa kila ekseli (mhimili wa magurudumu) gari likiwa mwendoni.

Kwenye ekseli ndiko kwenye kisa chenyewe. Majaribio ya AASHO (chama cha maafisa wa barabara kuu wa majimbo ya Marekani) huko Illinois, ya 1958–1960, yalionyesha kwamba uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito: ekseli ikibeba mara mbili, barabara huumia karibu mara 16. Sensa itamfichua aliyezidisha mzigo, kumshushia ni kazi ya watu. Tena lami ikipasuka wakati wa mvua, waya nazo hukatika, na kipimo kinakufa.