Uchu wa vifaa: tamaa ya kubadili kamera kila mara

Uchu wa vifaa ni hamu ya kununua kamera au lenzi nyingine ilhali uliyonayo bado inamudu kazi zako zote. Wapiga gitaa wa Marekani waliupa jina miaka ya 1990, kisha wapiga picha wakaona unawahusu vilevile.

Mwanza utauona kwa wapiga picha wa harusi na sendofu. Mtu ana bodi nzuri, yaani kamera yenyewe bila lenzi, wateja wanarudi, ila mwenzake kaingia ukumbini na bodi mpya. Usiku huo usingizi unampaa. Inaniuma sana kijana anapofikia kukopa kwa sababu hiyo.

Ubaya wake ni kwamba kitu kimoja huvuta kingine. Mwaka 1769 mwanafalsafa Mfaransa Denis Diderot alieleza jinsi joho jipya la nyumbani lilivyofanya vyombo vyake vyote vionekane duni: kiti cha majani kikapisha cha ngozi, meza nayo ikafuata. Kwenye kamera ndivyo ilivyo. Mwaka 2018 Canon na Nikon walitoa kamera zisizo na kioo ndani, zenye sehemu mpya ya kufungia lenzi. Aliyenunua bodi tu alihitaji adapta ili atumie lenzi zake za zamani, na adapta ikishakaa pale, lenzi mpya zinaanza kumwita. Mafaili yakiwa mazito, kompyuta nayo inaonekana imezeeka.

Sasa tazama picha zinaishia wapi. Kamera ya Canon 5D ya mwaka 2005 ilikuwa na megapikseli 12.8, yaani nukta milioni 12.8 za picha; 5D Mark IV ya 2016 ina 30.4. Ukurasa wa A4 uliochapwa kwa nukta 300 kwa inchi hauhitaji hata megapikseli 9, na picha ya wima ya Instagram ya pikseli 1080 kwa 1350 haifiki megapikseli moja na nusu. Kamera mpya zina faida zake, hasa kufokasi kwenye giza, lakini mteja anayeangalia picha kwenye simu hawezi kukwambia ipi imetoka bodi ipi.

Anachokiona ni mwanga. Nenda kwenye mwalo wowote wanakoanika dagaa. Saa moja na nusu asubuhi jua linakuja kwa ubavu: uso wa mama anayegeuza dagaa unang'aa, na magamba yanaonekana moja moja. Rudi saa saba mchana. Mwanza iko karibu na ikweta, jua liko utosini, macho yake yamezama kwenye kivuli. Bodi ya mamilioni haitayatoa humo. Mwambie ainue uso kidogo, au mngoje jioni.

Hata hivyo si kila ununuzi ni uchu. Lenzi ya milimita 50 ikifunguka f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana) hupitisha mwanga karibu mara kumi ya lenzi ya kawaida ya milimita 18-55 ikiwa f/5.6. Ukumbi uleule, taa zilezile, kasi ya kupiga picha inapanda kutoka 1/15 ya sekunde, ambapo bibi harusi anayecheza hutoka ukungu mtupu, hadi karibu 1/150. Anayeinunua ana picha zilizotikisika za kuonyesha kwa nini anaihitaji. Mwenye uchu ukimwomba akuonyeshe picha aliyoikosa, atakuonyesha tangazo la kamera.