Koti la betri limeacha kupata joto? Dhana potofu zinazoyaua makoti ya umeme

Kuanzia Juni hadi Agosti, dereva wa bodaboda anayetoka Uyole alfajiri kupanda Isyonje, au mlinzi wa usiku pale Makambako penye upepo, sweta mbili hazimtoshi. Wanaovaa koti au vesti yenye waya wa joto unaotumia betri wanajua raha yake. Tatizo huanza siku joto linapokata. Hapo mwenye koti husikia maneno mengi, na mengi ni ya kubahatisha. Koti hutupwa wakati kilichoharibika ni plagi ya bei ndogo tu, au hutengenezwa vibaya likaja kuunguza mtu. Tumekusanya dhana tunazokutana nazo zaidi, pamoja na namna ya kupima kabla ya kushika mkasi.

"Halipati joto, maana yake waya umeungua"

Waya wa joto kwa kawaida ndio wa mwisho kuharibika. Kabla yake huchoka plagi ya mfukoni, kamba inayokunjwa kila siku karibu na plagi hiyo, na betri yenyewe. Kwa hiyo anza kupima upande wa betri, ndipo uende ndani ya koti.

Betri ya volti 7.4, ambayo ndiyo ya makoti mengi, ikijaa husoma volti 8.4. Ikisoma chini ya 6 imeisha, ichaji kwanza. Kisha weka multimita (mita ya kupimia umeme) kwenye mlio, yaani pale inapolia ikiona waya haujakatika, shika ncha mbili za waya uleule wa kamba, halafu ikunje taratibu sentimita mbili tatu kutoka kwenye plagi. Mlio ukikatakata, nyuzi za shaba zimevunjika ndani ingawa ganda la nje ni zima. Kata sehemu hiyo ufunge plagi mpya, lakini kabla ya kukata andika chanya iko katikati ya pini au pembeni. Ukigeuza, swichi inaweza kufa palepale.

Sasa angalia swichi ya kifuani. Taa isipowaka, tatizo liko kabla ya swichi au kwenye swichi yenyewe. Taa ikiwaka na joto hakuna, tatizo liko baada yake, au kwenye transista iliyo ndani yake, kile kifaa kidogo kinachofungua na kufunga njia ya umeme. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: wanapima ohmu (ukinzani wa waya) kwenye plagi ya betri, mita haisomi kitu, wanasema waya umekatika. Bila umeme, transista ya swichi imefunga njia, kwa hiyo mita haiwezi kuuona waya wa joto kutokea pale. Pima baada ya swichi, kwenye nyaya mbili zinazoelekea kwenye pedi, yaani vipande vyenye waya wa joto.

Chukua koti lenye pedi tatu, kila moja ohmu 11, zilizofungwa sambamba. Zote zikiwa nzima, mita itasoma ohmu 3.7 hivi. Kwa volti 7.4 hiyo ni amp 2, yaani wati 15. Mita ikisoma 5.5, pedi moja imekatika na koti limebaki na wati 10. Ikisoma 11, imebaki pedi moja tu. Namba hiyo moja inakuambia ufumue mshono mmoja badala ya kulichana koti zima. Kama pedi zimefungwa kwa mfululizo, mkato mmoja unazima zote, na hapo kila pedi hupimwa peke yake.

Jambo jingine: swichi haipunguzi volti, inakata na kurudisha umeme haraka haraka. Ukipima volti ikiwa kwenye joto la chini, namba itakudanganya. Pima ikiwa kwenye joto la juu kabisa. Na koti linalochoma hata likiwekwa joto la chini, transista yake imeshikana. Badilisha swichi, usiendelee kulivaa.

"Umeme ni umeme, chomeka hata kwenye betri ya pikipiki"

Hii ndiyo dhana inayotutia wasiwasi kuliko zote. Volti zikiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Koti la volti 5 lenye wati 10 likichomekwa kwenye volti 12 litavuta karibu wati 58. Lile la 7.4 lenye wati 15, likifungwa kwenye pikipiki inayounguruma na kutoa volti 14, litafika wati 53. Waya haujatengenezwa kwa hilo, na kitambaa kilichouzunguka kwa kawaida ni poliesta, ambayo huyeyuka na kuganda kwenye ngozi.

Upande wa pili wapo wanaoogopa betri yenye mAh nyingi (kipimo cha chaji ambayo betri inahifadhi) wakidhani itasukuma umeme mwingi. Haisukumi. Kwa volti zilezile, koti huvuta kiasi chake tu, na betri kubwa hukaa muda mrefu zaidi. Soma volti kwanza, mAh baadaye.

Anayetaka kutumia umeme wa pikipiki anunue koti la volti 12, aweke fyuzi ya amp 5 karibu kabisa na betri, na alizime kabla ya kuzima injini. Koti la wati 36 huvuta amp 3, na betri ya pikipiki ya Ah 7 haiwezi kulibeba saa mbili kijiweni kisha ikapiga stata.

"Waya ukikatika, toa kipande kibovu, unga kwa risasi"

Makosa mawili kwa pamoja. Waya mwingi wa makoti ni nyuzi za kaboni, na risasi haishiki kwenye kaboni. Inaonekana imeshika, kumbe imezunguka tu, na baada ya siku chache kiungo kinalegea na kuanza kuchoma. Kaboni huungwa kwa kubana. Toa ganda sentimita moja kila upande, lalisha nyuzi za kaboni pamoja na waya laini wa shaba, ziingize kwenye kibomba kidogo cha shaba, bana kwa koleo mara mbili, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Seloteepu nyeusi ya umeme haifai hapa, gundi yake hulainika kwa joto na kuteleza.

Kosa la pili ni kuufupisha waya. Waya mfupi una ohmu chache, na ohmu chache huvuta umeme mwingi. Ukiondoa robo ya waya, amp 2 zinakuwa 2.7, na kila sentimita iliyobaki inapata joto karibu mara 1.8 ya awali. Ndiyo sababu koti lililoungwa hivyo husifiwa kwamba sasa linachemka kweli, kisha linaacha alama mgongoni. Kama kipande kimeharibika, weka kingine cha ohmu zilezile. Pima mita moja ya waya mpya, ndipo ukokotoe urefu.

"Pawabenki ya mAh 10,000 kwa koti la amp 2 ni saa tano"

Ni saa tatu hivi. Namba iliyoandikwa ni ya volti 3.7 za ndani, na koti linatumia 5. Kwa volti 5 inabaki mAh 7,400, na nyingine hupotea kwenye ubadilishaji. Ikiwa mzee au iko kwenye baridi ya Kitulo, hupungua zaidi, kwa hiyo ivae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Na koti likizimika kila baada ya dakika chache, jaribu tundu jingine la pawabenki kabla ya kumwona fundi: lenye maandishi 1A halitoshi, tafuta la 2A au zaidi.

"Koti la umeme halifuliwi"

Mengi hufuliwa, lakini soma lebo. Toa betri, funika plagi, fua kwa mkono na maji ya uvuguvugu, usikamue kwa kusokota, usipige pasi. Ning'iniza kivulini mpaka plagi nayo ikauke kabisa, siku mbili katika msimu wa ukungu si nyingi. Plagi iliyoota kutu ya kijani husafishwa kwa spiriti na mswaki mkavu. Linaloua koti kuliko maji ni kulianika juu ya jiko la mkaa, kwa sababu ganda la waya hulainika na betri iliyosahaulika mfukoni hupikwa.

"Betri mpya ichajiwe kwa muda wa saa nane, na ikisoma sifuri imekufa"

Masharti ya saa nane, na ya kuimaliza kabisa kabla ya kuchaji, yalikuwa ya betri za zamani za nikeli. Lithiamu hupenda kuchajiwa kabla haijaisha. Msimu wa baridi ukipita, iweke ikiwa nusu, ndani ya nyumba. Betri inayosoma sifuri ghafla huenda imezimwa na saketi yake ya ulinzi, na kuiunganisha na chaja yake yenyewe huiamsha. Chaja hiyo iwe ya volti 8.4, usiazime ya redio ya 9 wala 12. Lakini kama seli zimekaa miezi chini ya volti 2 kila moja, au betri imevimba, usiifufue na usiitoboe. Ikishika moto, imwagie maji mengi, maji yanaipoza. Na ukitoka kwenye jalidi usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri, iache kwanza izoee joto la chumba.

"Likiwa karibu na ngozi ndiyo vizuri"

Vaa fulana chini yake, na kizuia upepo juu yake. Joto la nyuzi 44 tu likigusa ngozi mfululizo kwa saa sita hivi linaweza kuunguza, na aliyelala au mwenye kisukari aliyepungukiwa hisia hatasikia maumivu mapema. Mlinzi asilale nalo limewashwa.

"Vesti ya mpiga mbizi ni hiyohiyo, ila imezibwa maji"

Maji ya juu ya Ziwa Nyasa pale Matema huwa nyuzi 23 hadi 28, hivyo wengi hawaihitaji. Kwenye maji baridi ya kwingine, vesti huvaliwa ndani ya suti kavu (isiyoingiza maji) na betri hukaa nje kwenye kopo lililofungwa. Kinachohitaji matunzo ni pete ya mpira ya kopo na kiungo cha waya: punje moja ya mchanga inatosha kuingiza maji. Pete husafishwa na kupakwa grisi ya silikoni kidogo, kwa sababu mafuta ya petroli huvimbisha baadhi ya mpira. Na haiwashwi tangu mwanzo kama koti la pikipiki. Mwili wenye joto chini ya maji hunyonya naitrojeni zaidi, na ukipoa wakati wa kupanda huitoa polepole. Majaribio ya jeshi la maji la Marekani yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kwamba mpangilio huo, joto chini na baridi wakati wa kupanda, huongeza ugonjwa wa mgandamizo, unaoletwa na viputo vya naitrojeni mwilini mpiga mbizi anapopanda. Kwa hiyo huwekwa chini kabisa au kuzimwa mpaka mpiga mbizi aanze kupanda, na betri hupimwa kabla ya kushuka, kwa kuwa ikizimika njiani kurudi juu ndipo inapomweka pabaya.