Je, wajua kwa nini kamera ileile huuzwa bei mbili mnadani?

Ingia eBay, soko la minada mtandaoni, utafute Canon 5D Mark II, kamera ya mwaka 2008 ambayo bado inafanya kazi za harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) bila kuona haya. Tazama zilizokwisha kuuzwa. Utakuta mbili zenye hali moja, zimeondoka wiki moja, na bei zao zimepishana mno. Tofauti haimo ndani ya kamera. Imo katika idadi ya watu walioigombania.

Dau la eBay lina hesabu yake. Unauambia mtambo kwa siri kiasi ambacho hutakipita, nao unakupandishia kidogo kidogo kila mwingine anapopanda. Ukiweka dola 200 na anayekufuata akakomea 120, utalipa 120 na nyongeza ya dola mbili na nusu, basi. Kumbe bei haipangwi na mshindi, bali na yule aliyemfuata. Mwanauchumi William Vickrey alichambua minada ya namna hii mwaka 1961, akapewa Nobel mwaka 1996. Asipotokea mtu wa pili, kamera inaondoka kwa bei ya kuanzia.

Kwa hiyo mwenye kusaka bei nafuu hatafuti kamera tu; anatafuta mnada ambao mtu wa pili hakuuona. Mara nyingi ni tangazo lililoandikwa ovyo. Mtu anasafisha kabati la babu yake, anaandika "Cannon", au "kamera ya zamani na mkoba wake", anapiga picha yenye giza, biashara imekwisha. Mtambo wa kutafuta siku hizi husahihisha baadhi ya makosa ya herufi, lakini jina ambalo halikuandikwa kabisa utalisahihishaje? Kuza picha, usome maandishi kwenye ukingo wa lenzi. Wakati mwingine lenzi iliyomo mkobani ina thamani kuliko kamera yenyewe.

Halafu kuna saa, na hapa aliye Uganda ana bahati. Mnada unaofungwa saa tisa usiku New York, majira yao ya joto, Kampala ni saa nne asubuhi. Wengi kule wamelala. Wapo walioacha dau lao la siri likiwapigania, ila wale wanaopandwa na mori dakika ya mwisho hawapo, na hao ndio hasa wanaoharibu bei. Weka dau lako mara moja, sekunde za mwishomwisho. Dau la mapema huwatangazia wengine kwamba hapo pana kitu.

Bidhaa yenyewe ni tele. Mwaka 2018 Canon na Nikon zilileta kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless), zenye kiungio kipya cha lenzi, na tangu hapo wenye pesa wanahama na kuuza DSLR zao, yaani kamera zenye kioo ndani kama hiyo 5D.

Lakini bei rahisi ina maswali yake. Shata ya 5D Mark II, kile kipazia kinachofunguka na kufunga kila unapopiga picha, ilikadiriwa na Canon kufikia mifyatuo 150,000, na harusi moja hula maelfu, hivyo muulize muuzaji imefyatuliwa mara ngapi. Omba picha ya lenzi ikimulikwa tochi kutoka nyuma: kuvu huonekana kama nyuzi za buibui, na unyevu wa ukanda wa Ziwa Victoria hautaiponya. Ukinunua Sony iliyotengenezwa kwa soko la Japani, hakikisha menyu ina Kiingereza. Nyingi zina Kijapani peke yake.

Wauzaji wengi hawatumi mizigo Uganda, ndiyo maana watu hupitia kwa wakala wa usafirishaji au ndugu aliye huko. Mzigo ukifika, URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ina VAT yake (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18, pamoja na ushuru wa forodha pale unapohusika. Mimi ningeanzia mwisho: bei ya kamera hiyo madukani Kampala, toa kodi, toa nauli, na kama unanunua ili uuze, toa faida unayoitaka. Kinachobaki ndicho kiasi cha siri cha kuuambia mtambo, hata dola moja usiongeze.

Na kama ni binamu anayekubebea, mwambie betri za akiba aziweke kwenye mkoba wa mkononi. Betri za lithiamu zisizo ndani ya kifaa haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege.