Lishe si unga

"Siku hizi amenyong'onyea, mnunulieni lishe." Ukilifuatilia agizo hilo hapa Dar, kinacholetwa nyumbani ni pakiti ya unga. Lishe ni jinsi mwili unavyopokea na kutumia tunachokula, mpaka kifike kwenye damu na ubongo. Unga ni chakula.

Neno lenyewe linajieleza. Mzizi ni -l-, ule wa kula, uliotupa pia mlo. Ukiutia kauli ya kutendesha unapata lisha, kumfanya mwingine ale, na humo ndimo yalimotoka malisho ya ng'ombe. Kisha irabu ya mwisho ikawa -e, kama tuma ilivyozaa mtume na umba ikazaa kiumbe. Mtume ni aliyetumwa, kiumbe ni kilichoumbwa: kiishio kinamtazama aliyefikiwa na tendo. Ndiyo maana lishe naisoma kwa upande wa mwili uliolishwa, si upande wa sufuria. Mtu anaweza kushiba mara tatu kwa siku na lishe yake ikawa mbovu.

Kwenye afya ya akili tofauti hii inauma zaidi. Chuma kikipungua mwilini, mtu huchoka, hukosa umakini na moyo wake huwa mzito. Maharage na mchicha vina chuma, lakini chai ya rangi ikinywewa papo hapo, tanini zake, kemikali zinazoleta ukakasi, hukishika na kingi hupita bila kufyonzwa. Chakula kimeliwa, lishe haikupatikana! Chai isubiri angalau saa moja baada ya mlo, na mboga ikamuliwe limau.

Unga nao una yake. Nafaka na soya zina faiteti, kemikali za asili zinazozuia mwili kufyonza chuma na zinki. Kurundika aina saba za nafaka kwenye unga mmoja hakuziondoi. Kinachozipunguza ni kuloweka ulezi usiku kucha, kuuotesha siku mbili hivi, kuuanika, ndipo usagwe. Soya isipopikwa vizuri kabla ya kusagwa huzuia protini kumeng'enywa. Na vitamini B12, ambayo upungufu wake huvuruga neva na kumbukumbu, kwa asili haimo kwenye nafaka yoyote. Iko kwenye dagaa, vibua, mayai, maziwa na maini.

Jaribio la Australia lililochapishwa 2017 lilikuwa na watu 67 wenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Baada ya wiki 12, karibu theluthi ya waliosaidiwa kubadili ulaji walikuwa wametoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 8 ya waliopewa mtu wa kuzungumza nao tu. Wengi wao walikuwa wakiendelea na matibabu yao. Kilichobadilishwa kilikuwa ulaji mzima: mboga, kunde, samaki na nafaka zisizokobolewa viliongezwa, vitamutamu na vya kukaanga vikapunguzwa.

Kwa hiyo ni unga *wa* lishe, na hiyo "wa" isidondoshwe. Aliyenyong'onyea wiki mbili mfululizo apelekwe hospitali kwanza, na dawa alizoandikiwa asiziache. Nyumbani, kabla ya kwenda dukani, muulizeni chai anainywa saa ngapi.