Wakili Kubadilisha Fani Zanzibar: Yanayosemwa na Yalivyo

Wakili aliyezoeleka kwa kesi za jinai akitaja kwamba anataka kuhamia kesi za ardhi au za kazi, hapakosi wa kumkatisha tamaa. Mengi anayoambiwa hayana msingi, na lile la hatari kweli haambiwi na mtu.

Dhana: "Wewe ni wakili wa jinai, leseni yako ni hiyo."

Ukweli: Hakuna leseni ya fani. Unaandikishwa kuwa wakili wa Mahkama Kuu ya Zanzibar, basi. Jinai ni mazoea yako na sifa ulizojijengea kwa watu.

Dhana: "Utaanza sifuri."

Ukweli: Hapa ndipo wengi wanapovunjika moyo bure. Chukua kesi ya mpaka wa shamba la mikarafuu. Upande wa pili umeleta barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji, kuthibitisha mpaka. Mtu aliyekulia kwenye jinai anajua la kufanya: mpaka huu ulioneshwa na nani? Ulikuwepo mwenyewe, au uliambiwa? Barua uliiandika kabla ya ugomvi au baada yake? Ustadi huo wa kumhoji shahidi hauna fani, na mawakili wengi wa ardhi hawana hata nusu yake.

Anachokosa huyu wa jinai ni kujua shamba lenyewe ni la namna gani. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1992, ardhi yote ni ya umma na imewekwa chini ya Rais. Mtu anamiliki haki ya kuitumia. Likiwa ni la eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, si mali ya kuuzwa atakavyo mwenyewe. Likiwa ni wakfu, yaani limetolewa daima kwa ajili ya dini au hisani, haliuzwi wala halirithiwi, na swali la kwanza unalipeleka Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kabla hujafungua chochote. Tena kwa mila za visiwani, mkarafuu unaweza kuwa wa huyu na ardhi ikawa ya yule. Asiyeuliza hayo atamhoji sheha vizuri sana na kesi ataipoteza.

Dhana: "Sheria ni ile ile, nunua vitabu vya Dar usome."

Ukweli: Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, maana anayelipa ni mteja. Ardhi na kazi si mambo ya Muungano. Sheria za ardhi za 1999 zinazofundishwa Bara hazitumiki Unguja wala Pemba, na mgogoro wa ardhi huku una Mahkama yake ya Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya 1994. Ajira ina sheria zetu mbili za 2005, moja ya ajira na moja ya mahusiano kazini. Kampuni zina Sheria ya 2013. Hata huko kwenye jinai unakotoka, Sheria ya Adhabu ni yetu, ya 2018.

Kuna pahali sheria zetu na mambo ya Muungano zinakutana. Rufaa nyingi za Mahkama Kuu huishia Mahkama ya Rufani ya Tanzania, isipokuwa zile za tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na za Kiislamu zilizoanzia kwa Kadhi. Kodi ya mapato na uhamiaji ni vya Muungano. Kwa hiyo anayehamia kesi za hoteli za Nungwi au Paje atashika sheria mbili kwa mfanyakazi mmoja: kibali cha kazi cha mgeni kinatoka kwenye mamlaka ya kazi ya Zanzibar, kibali cha ukaazi kinatoka Uhamiaji.

Dhana: "Wateja watakukimbia."

Ukweli: Uliyemtetea mwanawe ndiye atakayekuletea mirathi ya marehemu babake, kwa sababu amekuamini wewe. Faili zilizokwishaanza lakini usiziache njiani. Zimalize, au mkabidhi mwenzako kwa ridhaa ya mteja.

Na shahada ya uzamili? Si sharti. Ukiwa na muda na ada, soma. Kwa maoni yangu, faida kubwa zaidi iko katika kushika kesi moja pamoja na wakili aliyebobea, kuanzia hati ya madai hadi hukumu. Mteja aambiwe mapema nani anaongoza, na mgawanyo wa ada uandikwe kabla kesi haijafunguliwa.