Marudio ya kujiuliza: maana yake na namna yanavyofanyika

Marudio ya kujiuliza ni kusoma huku daftari limefungwa. Mwanafunzi anachukua swali, anaandika jibu lote kutoka kichwani, kisha ndipo anafungua notsi na kujisahihisha kwa kalamu nyekundu. Siku kadhaa baadaye anajiuliza swali hilohilo tena. Wanafunzi wengi wa kidato cha sita Tanzania hufanya kinyume chake wakati wa prepo: wanapitia notsi ukurasa kwa ukurasa na kupiga mistari ya rangi, mtihani wa taifa wa Mei ukikaribia.

Kupitia notsi kunadanganya kwa sababu moja. Ukisoma ukurasa mara ya tatu, macho yameshauzoea, na mazoea hayo unayahisi kama kuelewa. Lakini kulitambua jambo ukiliona ni kazi nyepesi kuliko kulitoa kichwani bila kuliona, na chumba cha mtihani kinadai hiyo ya pili. Mwaka 2006, watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Kifungu kimoja walikisoma mara mbili. Kingine walikisoma mara moja, kisha wakaandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, kusoma mara mbili kuliongoza: walikumbuka asilimia 81 ya kifungu, dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: asilimia 42 kwa kusoma mara mbili, 56 kwa kusoma na kujipima. Kwa hiyo anayepima usomaji wake kwa jinsi anavyojisikia usiku uleule atachagua njia mbovu kila siku, na ataichagua kwa nia njema kabisa.

Sehemu ya pili ya dhana hii ni nafasi kati ya rudio moja na jingine. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba usahaulifu huenda kasi sana saa na siku za mwanzo, kisha hupungua mwendo. Marudio yanafuata mkondo huo: topiki uliyosoma leo jiulize kesho, kisha siku ya nne au ya tano, kisha baada ya wiki moja, wiki tatu, halafu mara moja kwa mwezi mpaka mtihani. Ukisahau kidogo kabla ya kujiuliza, usiogope. Kule kuhangaika kulitafuta jibu ndiko kunakolikaza kichwani. Ukikwama, jipe dakika mbili tatu kabla ya kufungua daftari.

Kwa vifaa, bahasha tatu za kaki zinatosha. Kata karatasi ya A4 vipande vinane, ndizo kadi zako. Upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Bahasha ya kwanza hufunguliwa kila siku, ya pili kila baada ya siku tatu, ya tatu kila wiki. Kadi uliyoipata inasonga mbele bahasha moja. Uliyoikosa inarudi ya kwanza, hata kama ilikuwa ya tatu. Utaratibu huu ulienezwa na mwandishi Sebastian Leitner katika miaka ya 1970.

Wengi huharibu hapa kwenye kadi zenyewe. Mwanafunzi wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) anaandika "Nishati ya ayonaizesheni ni nini?", anakariri sentensi moja kwamba ni nishati ya kung'oa elektroni kwenye atomu, anafurahi. Swali hilo halimfikishi mbali. Kadi nzuri huuliza: kwa nini nishati ya kwanza ya ayonaizesheni ya nitrojeni ni kubwa kuliko ya oksijeni, ilhali katika kipindi kimoja (mstari mmoja wa jedwali la elementi) nishati hiyo kwa kawaida hupanda ukielekea kulia? Jibu lina mambo matatu. Nitrojeni ina elektroni tatu katika obiti za 2p (nafasi za elektroni kwenye atomu), kila moja peke yake kwenye obiti yake. Oksijeni ina nne, hivyo mbili zinalazimika kukaa obiti moja. Mbili hizo zinasukumana, na kuitoa moja kunahitaji nishati ndogo. Ukitaja jambo moja tu kati ya hayo, kadi umeikosa. Kujionea huruma hapo ni kujinyima alama za Mei.

Hisabati inadai kitu kingine: kuchanganya. Ukisolvu maswali ishirini ya integresheni chini ya kichwa kinachotaja njia ya kutumia, kichwa kimeshakufanyia nusu ya kazi. Mtihani hautaji njia. Chukua maswali mawili mawili kutoka topiki tano, yachanganye, na kabla ya kusolvu andika pembeni utatumia njia gani na kwa nini. Wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) hawana haja ya kuandika insha nzima kila mara. Dakika kumi za mpango zinatosha: msimamo wako, hoja sita, na kila hoja na mfano wenye mwaka na mahali. Insha kamili iwe moja kwa wiki, ukijipimia muda kwa saa.

Pepa za nyuma zisiachwe mpaka Aprili, wala zisisomwe pamoja na majibu yake. Mtihani wa saa tatu wenye alama 100 unakupa dakika 1.8 kwa kila alama, yaani dakika 18 kwa swali la alama 10. Dakika hizo zikiisha, ruka. Baada ya kusahihisha, fungua taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, huziweka bure kwenye tovuti yake. Humo mna majibu halisi, mazuri na mabovu, na maelezo ya walipokosea. Inasikitisha kuona wanafunzi wananunua vitini mitaani na taarifa hizo hawajawahi kuzifungua. Kila kosa ulilolifanya wewe pia, lifanyie kadi.

Hatari kubwa ya njia hii ni kujiuliza bila kusahihisha: kosa ulilolirudia mara tano linakaa kama ukweli. Nyingine ni kukesha, maana ubongo huimarisha kumbukumbu usingizini. Kadi thelathini za saa tatu usiku, kisha kulala, zina faida kuliko mia moja za alfajiri macho yakiwa mazito.

Diskasheni nazo zina namna yake. Mmoja akieleza ubaoni na wengine wakiitikia kwa vichwa, aliyejiuliza ni yule mmoja tu. Kila mtu aandike jibu lake kimya kwa dakika kumi, kisha karatasi zilinganishwe. Kujadiliana kwa Kiswahili kunasaidia sana kuelewa, lakini mitihani ya masomo mengi huandikwa kwa Kiingereza, hivyo kabla ya kutawanyika kila mmoja aandike upya jibu lile kwa Kiingereza, bila kuchungulia.